Jina la Rekodi na Jina la Mwimbaji: Historia ya Kuutambua Muziki wa Kusindikiza

Muziki wa kusindikiza, yaani muziki unaosikika chinichini huku macho na mawazo ya mtu yakiwa kwenye picha, mazungumzo au mlo uliomleta, humfikia msikilizaji bila kutajwa jina. Katika ukumbi wa dansi bendi hutangazwa, na kwenye santuri jina la wimbo huandikwa katika karatasi ya katikati, lakini sauti inayopita nyuma ya tangazo la biashara, filamu au video ya safari huja na kuondoka, na aliyeguswa nayo hubaki na mahadhi kichwani asijue amuulize nani. Swali lake limekuwa na vitabu vyake, kesi zake na hatimaye mitambo yake kwa zaidi ya miaka 170. Anayeifuata historia hiyo hugundua kwamba kumbe ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja: moja huuliza rekodi hii ni ipi, na la pili huuliza sauti iliyomo ndani yake ni ya nani. La kwanza limepata majibu bora zaidi kila kizazi, ilhali la pili limeachwa nyuma, na walioumizwa na kuachwa huko ni waimbaji wa mbali ambao sauti zao zilichukuliwa pasipo majina.

Kisa cha kwanza chenye uzito katika historia hii kilitokea Paris mwaka 1847, katika mkahawa wa Les Ambassadeurs kwenye barabara ya Champs-Élysées, ambako wateja walikunywa huku wakitumbuizwa kwa nyimbo. Mtunzi Ernest Bourget, akiwa na watunzi wenzake Paul Henrion na Victor Parizot, aliusikia muziki wao ukipigwa mahali hapo bila wao kuombwa idhini wala kulipwa, nao wakakataa kulipia vinywaji vyao kwa hoja kwamba mwenye mkahawa alikuwa akiitumia kazi yao bure ilhali hakutaka wao wavitumie vinywaji vyake bure. Shauri lilifika mahakamani, na mahakama ikawapa haki watunzi. Matokeo yake, mwaka 1851, yalikuwa kuundwa kwa SACEM, chama cha watunzi na wachapishaji wa muziki cha Ufaransa, ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya mirabaha, yaani malipo anayostahili mwenye kazi kila inapotumiwa hadharani. Kuanzia hapo kuutambua wimbo unaosikika chinichini hakukuwa tena jambo la udadisi tu, kwa sababu haki haiwezi kulipwa kwa wimbo usiojulikana, na chama kililazimika kuwa na mawakala wa kufuatilia ni nyimbo gani zinazopigwa na wapi. Sikio la Bourget lilitosha kwa sababu wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Mawakala hao walipaswa kuzitambua nyimbo za wengine.

Wafanyabiashara wa nakala na wanazuoni nao walikuwa na haja yao ya kutambua, ingawa haikutokana na mirabaha. Nakala za muziki zilizozagaa Ulaya katika karne ya 18 mara nyingi zilibeba kichwa kisichotofautisha kitu na kingine, kwani simfonia tano za mtunzi mmoja zingeweza zote kuitwa kwa jina moja, na hivyo wafanyabiashara wa nakala wakaanza kutumia njia ya kuonyesha noti za mwanzo za kila kazi ili mnunuzi ajue anachoagiza. Nyumba ya uchapishaji ya Breitkopf mjini Leipzig ilianza kutoa katalogi za namna hiyo mwaka 1762, na karne moja baadaye, mwaka 1862, Ludwig von Köchel alichapisha katalogi ya kazi za Mozart, iliyozipa namba kuanzia 1 hadi 626 na kuiwekea kila kazi noti zake za mwanzo. Katalogi hizo, hata hivyo, zilipangwa kwa mtunzi, na mtu mwenye mahadhi tu kichwani, asiye na jina la mtunzi, alikuwa hana mlango wa kuingilia.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1948 na Harold Barlow na Sam Morgenstern wa Marekani, ambao kamusi yao ya mahadhi ya muziki wa ala ilikusanya mahadhi yapatayo 10,000. Kila mahadhi yalihamishiwa kwenye ufunguo mmoja, yaani yalishushwa au kupandishwa sauti mpaka yote yawe katika ngazi ileile ya muziki, kisha noti zake za kwanza zikaandikwa kwa herufi na kupangwa kwa mfuatano wa alfabeti kama maneno ya kamusi. Njia hiyo ilimtaka msomaji ajue noti, jambo lililowatupa nje wasikilizaji wengi. Mwingereza Denys Parsons aliondoa sharti hilo mwaka 1975 kwa wazo jepesi ajabu: msikilizaji asijali noti yenyewe ni ipi, bali aseme tu kama kila noti inapanda kuliko iliyotangulia, inashuka au inairudia. Wimbo wa watoto wa "Twinkle, Twinkle, Little Star", ambao mahadhi yake ni ya wimbo wa Kifaransa ambao Mozart aliutungia tofauti za piano, huanza kwa noti moja ya msingi kisha hurudia, hupanda, hurudia, hupanda, hurudia na kushuka. Kila hatua ikiandikwa kwa herufi moja, ni herufi sita tu, na tayari nyimbo nyingi sana zimeondolewa katika orodha ya zinazowezekana. Parsons alithibitisha kwamba umbo la kupanda na kushuka kwa sauti, ambalo hata asiyejua kuimba vizuri hulikumbuka, ni utambulisho tosha wa mahadhi mengi, na wazo lake lilikuja kuwasaidia wahandisi wa kompyuta waliotaka mashine itambue wimbo unaoghuniwa kwa mdomo.

Kabla ya vitabu hivyo sinema ilikuwa imeshazaa aina mpya ya muziki usio na jina masikioni mwa watu. Filamu za kimya zilisindikizwa na mpiga piano au okestra ndani ya ukumbi, na kuanzia mwaka 1909 kampuni ya Edison ilichapisha mapendekezo ya muziki unaofaa kwa filamu zake. Mwaka huohuo kampuni ya De Wolfe ilianzishwa London, nayo ikawa miongoni mwa waanzilishi wa biashara inayoweza kuitwa muziki wa maktaba, yaani vipande vinavyotungwa mapema kwa ajili ya hali fulani, kama hofu, harusi, mbio za farasi au mvua, na kuwekwa tayari kwa yeyote atakayevihitaji. Giuseppe Becce alitoa mkusanyo wake mjini Berlin kuanzia mwaka 1919, na Ernö Rapée akatoa wake New York mwaka 1924, ambao pembeni mwa kila ukurasa ulikuwa na faharasa ya hali zote ili mpiga piano afunue haraka pale picha inapobadilika ghafla kutoka mapenzi kwenda vitani. Sinema ilipopata sauti, orodha ya muziki wa filamu ikawa hati ya hesabu inayotaja kila kipande, mtunzi wake, mchapishaji wake na muda kilichotumika kwa sekunde, ili vyama vya mirabaha vijue nani alipwe. Hati hiyo ina majibu yote ambayo mtazamaji huyatafuta, lakini haikuandikwa kwa ajili yake, na kwa miongo mingi ilikaa katika makabati ya ofisi.

Muziki wa maktaba ndio hasa uliowasumbua watafutaji, kwa kuwa rekodi zake zilitolewa kwa leseni kwa watayarishaji na hazikuuzwa madukani, na kipande kimoja kiliweza kutumika katika tangazo la sabuni, kipindi cha michezo na filamu ya ucheshi bila watazamaji kupata mahali pa kukinunua. Mfano unaojulikana sana ni "Frolic", kipande ambacho Mwitaliano Luciano Michelini alikitunga kwa ajili ya filamu ya mwaka 1974, na ambacho baadaye kilitolewa kwa leseni kama vipande vingine vya maktaba. Mchekeshaji Larry David alikisikia miaka mingi baadaye katika tangazo la benki, akakitafuta, na mwaka 2000 kikawa muziki wa kufungulia kipindi chake cha televisheni, "Curb Your Enthusiasm". Leo kinasikika mwishoni mwa video fupi zisizohesabika zinazoonyesha mtu akiumbuka, na wengi wanaokitambua hukiita kwa jina la kipindi, wakati mtunzi wake wala hakukitunga kwa ajili ya kipindi hicho.

Mapinduzi ya mashine yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wameshaeleza mfumo wa kutafuta wimbo kwa kuughuni, ambao nao ulitumia herufi tatu za kupanda, kushuka na kurudia, lakini huduma iliyoenea kwa umma ilifuata njia tofauti kabisa. Kampuni ya Shazam, iliyoasisiwa na Chris Barton, Philip Inghelbrecht, Dhiraj Mukherjee na Avery Wang, ilianza kutoa huduma Uingereza mwaka 2002, ambapo mteja alipiga namba 2580, akaielekeza simu kwenye spika ya baa au redio kwa nusu dakika, kisha akapokea jina la wimbo kwa ujumbe mfupi. Kiini cha huduma hiyo kilikuwa hesabu za Wang. Sauti hubadilishwa kwanza kuwa spektrogramu, yaani mchoro unaoonyesha ni masafa gani ya sauti yaliyo na nguvu katika kila nukta ya muda, halafu mashine huacha kila kitu isipokuwa vilele, yaani zile nukta zenye nguvu kuliko majirani zake, kwa sababu kelele za vikombe na mazungumzo haziwezi kuvifunika vyote. Vilele hivyo hufungwa viwili viwili pamoja na muda unaovitenganisha, na kila jozi huwa alama fupi inayotafutwa katika hifadhidata. Jozi moja hupatikana katika nyimbo nyingi na haithibitishi lolote, bali zikipatikana jozi kadhaa za wimbo mmoja ambazo zote zimepishana na rekodi ya asili kwa kiasi kilekile cha muda, basi rekodi imepatikana, hata kama sekunde zilizosikika ni chache na zimejaa kelele.

Uwezo huo unastahili sifa bila kusita, na umewapa furaha watu wengi ambao zamani wangekufa na swali lao. Hata hivyo, yafaa kuelewa kwa makini ni kitu gani mashine hiyo inakitambua. Haiutambui wimbo, inaitambua rekodi. Mwimbaji yuleyule akiimba wimbo uleule jukwaani siku ya pili, vilele vitakaa mahali pengine na alama hazitalingana, na rekodi ambayo haijawahi kuingizwa katika hifadhidata haina jibu hata kama inajulikana na kijiji kizima. Mfumo ambao YouTube iliuanzisha mwaka 2007 ili wenye hakimiliki wazitambue kazi zao ndani ya video za watu wengine una sharti lilelile, kwa kuwa hulinganisha video na faili zilizowasilishwa na wanaodai kuzimiliki, na asiyewasilisha chochote hatambuliwi. Wimbo mmoja uliorekodiwa kwa kaseti kutoka redio ya Ujerumani katika miaka ya 1980 ulizishinda mashine zote kwa sababu haukuwahi kutolewa rasmi, na maelfu ya watu waliutafuta kwa miaka mingi mpaka Novemba 2024, ilipothibitishwa kuwa ni "Subways of Your Mind" wa bendi ya FEX kutoka mji wa Kiel. Waliofanikisha jambo hilo ni wanadamu waliopekua habari za zamani na kuwafikia wanabendi wenyewe.

Lakini kisa kinachoonyesha kwa uchungu zaidi umbali uliopo kati ya jina la rekodi na jina la mwimbaji ni cha Afunakwa. Mwaka 1970 Hugo Zemp, mtafiti mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa na ambaye taaluma yake ilikuwa kuuchunguza muziki ndani ya maisha ya jamii inayouimba, alimrekodi mwanamke huyo katika kisiwa cha Malaita, kimojawapo cha Visiwa vya Solomon katika Bahari ya Pasifiki. Afunakwa aliimba peke yake, bila ala, wimbo wa kubembelezea mtoto uitwao "Rorogwela" katika lugha ya Kibaegu. Ni wimbo wa majonzi, ambamo mtoto yatima anatulizwa. Rekodi hiyo ilitoka mwaka 1973 katika mfululizo wa santuri za UNESCO, pamoja na maelezo ya Zemp kuhusu watu na kisiwa chao, na kwa karibu miaka 20 ilisikilizwa hasa na wanafunzi wa muziki.

Mwaka 1992 wanamuziki wawili wa Ufaransa, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walioitwa Deep Forest, waliichukua sauti ya Afunakwa, wakaizungushia kinanda cha kielektroniki na mdundo wa dansi, na kuiita "Sweet Lullaby". Albamu yao ilichanganya wimbo huo na sauti za jamii za misitu ya Afrika ya Kati, zile ambazo wageni walizoea kuziita Mbilikimo, na jinsi ilivyotangazwa iliwafanya wasikilizaji waamini kuwa sauti zote zilitoka huko. Iliuzwa kwa mamilioni, na wimbo ukawa muziki wa kusindikiza matangazo ya biashara, bila jina la Afunakwa kutajwa popote. Kosa lilizaa kosa: mwaka 1996 mpiga saksafoni wa Norway, Jan Garbarek, aliyapiga mahadhi hayohayo katika albamu yake kwa jina la "Pygmy Lullaby", akiyahesabu kuwa ni ya asili ya Afrika, na hivyo bembelezi la Malaita likawa limehamishwa bara zima bila mwenyewe kujua. Zemp alijitokeza mwaka huohuo katika jarida la kitaaluma na kueleza wimbo ulikotoka pamoja na malalamiko yake kuhusu ruhusa na malipo, na mwaka 2000 Mmarekani Steven Feld akaandika makala ndefu iliyofuata hatua kwa hatua safari ya sauti hiyo. Maandishi hayo mawili ni mfano bora wa utambuzi uliofanywa kwa ukamilifu, lakini yalisomwa na watu wa vyuo vikuu, na wanunuzi wa albamu walibaki na imani yao.

Kilichoufikisha ukweli kwa umma ni video. Matt Harding, Mmarekani aliyejirekodi akicheza mbele ya mandhari za nchi nyingi, aliusindikiza mchezo wake kwa "Sweet Lullaby", na video yake ya mwaka 2006 ikatazamwa na mamilioni ya watu, ambao wengi wao waliuliza wimbo ule ni upi. Mashine ingewajibu kwa usahihi kuwa ni "Sweet Lullaby" wa Deep Forest, na hapo ndipo uchunguzi ungekwisha. Harding hakuishia hapo. Alipojua asili ya sauti hiyo alisafiri hadi Malaita kumtafuta mwimbaji, akawapata jamaa zake, nao wakamweleza kuwa Afunakwa alifariki mwaka 1998. Kwa video yake iliyofuata, ya mwaka 2008, muziki ulitungwa makusudi na Garry Schyman, ukaimbwa na Palbasha Siddique kwa Kibengali kutokana na shairi la Rabindranath Tagore, na majina yote matatu yakatajwa.

Afrika Mashariki inaijua dhuluma ya namna hii kwa karibu. Wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa mwaka 1967 na Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle kwa ajili ya santuri za Ocora, na ndani ya miaka minne mwanamuziki wa Ufaransa Michel Bernholc, aliyejiita Mike Steiphenson, alikuwa ameibandika piano na magitaa juu ya ngoma hizo na kuuza "Burundi Black". Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alizitumia ngoma za Burundi katika "The Jungle Line", na kufikia mwaka 1980 bendi za Uingereza kama Adam and the Ants zilikuwa zimeufanya mdundo huo kuwa nguzo ya mtindo wao. Nchi ilitajwa, hilo ni kweli, na huenda ndiyo maana asili yake haikupotea kama ya "Rorogwela". Lakini jina la nchi halimlipi mpiga ngoma, wala halimfanyi akumbukwe na wajukuu zake.

Ipo pia kumbukumbu ya upande mwingine. Hugh Tracey, aliyezirekodi nyimbo za Afrika kwa miongo kadhaa na kuanzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, alifika Kapkatet nchini Kenya mwaka 1950 na kuwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha". Wimbo huo ulimhusu mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia Wakipsigis kupitia gramafoni zilizoletwa na wageni, wakamwaza kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Hawakuwa wamewahi kumwona, na lugha yake hawakuielewa, lakini sauti ya kigeni iliyowajia bila maelezo waliitunzia jina la mwenyewe ndani ya wimbo wao, wakilitamka kwa namna ya ulimi wao, jambo ambalo viwanda vya muziki vya Ulaya havikumfanyia Afunakwa. Tracey naye alikuwa na desturi ya kuandika kwa kila rekodi waimbaji, mahali, lugha na ala. Kwa msaada wa taarifa hizo, mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliweza kuzirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis na kuwapata baadhi ya watu waliohusika nazo.

Kwa hiyo wanaopiga video za ngoma, harusi na unyago katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hivi leo, na wale wanaozitumia sauti hizo nyuma ya picha zao, wanaombwa waandike chini ya kila video mambo manne: nani ameimba, wapi, lini na kwa lugha gani. Maandishi hayo huchukua dakika chache, na bila ya maandishi kama hayo ya mwaka 1950, safari ya mwaka 2014 isingekuwa na mahali pa kuanzia.